Mistari Kifuani mwa Dalali

"Wamenishusha," alisema Dalali, kabla hata hajavuta kiti.

Fundi alikuwa ameinamia meza ya kukatia, mkasi umeshaingia kwenye kitambaa cha watu. Hakuinua kichwa. "Wamekushusha wapi tena? Umegombana na kondakta?"

"Kitandani. Chini ya mashine. Nimevua shati, nimelala, nimetulia kama maiti mwenye adabu. Yule binti akanitazama kifua, akanitazama tena, akamwita mwenzake. Mwenzake naye akanitazama. Mwisho nikaambiwa, mzee, vaa shati lako. Leo hupigwi mionzi."

Mkasi ukasimama katikati ya safari.

Sauti iliyosema maneno hayo haikuwa sauti ya Dalali. Ilikuwa mabaki yake. Sauti ya Dalali, ile aliyozaliwa nayo, iliweza kuuza kabati lililoliwa na mchwa kwa bei ya kabati jipya, na mnunuzi akaenda zake akishukuru. Wako watu wazima na akili zao wanaoapa kwamba siku moja mnadani alimuuzia mwizi godoro lile lile alilokamatwa nalo, tena mwizi akaongeza dau. Alipocheka, wenye maduka wa mtaa wa pili walitoka nje kuangalia kuna nini. Ni kwa sauti hiyo alimwomba Fundi uchumba, yeye akiwa ng'ambo ya barabara, magari yakipita katikati, na wapita njia wakajibu "Mkubalie!" kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Hayo yalikuwa kabla ya kikohozi. Kabla daktari hajauona uvimbe wa tezi uliojibanza nyuma ya mfupa wa kifua. Sasa dawa za dripu amezimaliza, yuko kwenye mionzi, na kila siku ya kazi anakwenda kulala chini ya mashine kwa dakika chache zisizouma hata kidogo. Maumivu yanakuja baadaye, yanabisha hodi moja moja. Kumeza mate ni kumeza kaa la moto. Chakula chote kina ladha ya karatasi, hata chumvi. Ngozi ya kifua iliiva, ikawa nyeusi tii, halafu ikaanza kubanduka. Nywele za kisogoni zilitoka kwa ufito ulionyooka, utadhani kinyozi alipitisha mashine mara moja akabadili mawazo.

Na uchovu. Sio ule wa kazi, ambao mtu hulala akaamka mzima. Huu ulimkuta popote. Alishalala akifunga kamba za viatu.

Fundi, mjane mwenye cherehani mbili na ulimi unaotosha kuendesha ya tatu, hakuwa daktari. Alichokijua ni nguo. Alipoona kola inamkwaruza mwanamume wake shingo mpaka inatoa maji, alimshonea mashati mapana ya pamba laini, hayana kola, hayana vifungo, na mishono yote ameigeuza nje ili upande unaogusa ngozi usiwe na hata uzi uliosimama. Watu wakamcheka Dalali kwamba amevaa shati nje ndani. Akawaambia ndiyo mtindo mpya, na wawili kati yao wakaja kuagiza.

Kila alasiri akitoka hospitali alipitia dukani "kujaribu shati." Shati gani linajaribiwa kila siku? Mtaa mzima ulijua. Lakini nyumbani kwa Dalali wasingeweza kukutana, kwa sababu huko alikuwapo dada yake mkubwa.

Dada huyo aliitwa Metroni hata na wasiowahi kusoma. Maisha yake yote ya kazi alilinda mabweni ya wasichana, na inasemekana aliweza kumjua aliyekula mkate kitandani kwa kusikiliza tu anavyokoroma. Siku aliposikia mdogo wake anaumwa alifika na sanduku, akabadilisha mapazia, akaahirisha harusi. "Mgonjwa anahitaji kuuguzwa, hahitaji kupendwa," alitangaza. "Akipona, tutaona." Ile tutaona ya Metroni Fundi aliifahamu vizuri. Ilikuwa hapana iliyovaa koti.

"Wamekushusha kwa nini?" Fundi aliuliza sasa. Aliuweka mkasi mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Eti mistari. Wameuliza nani kaigusa."

Fundi akajua. Akakaa juu ya marobota ya vitambaa.

Siku ya kwanza ya mionzi, Dalali alichorwa kifuani. Misalaba midogo na mistari ya wino, ya kuonyesha mashine ipige wapi. Akaambiwa asiisugue, na ikianza kufifia arudi kwao waikoleze wao wenyewe. Lakini mtu aliyelala mgongoni akitazama mashine kubwa kuliko nyumba yake hasikii vizuri. Dalali alisikia nusu. Nusu hiyo ndiyo aliyomletea Fundi: mistari hii isifutike, ikifutika nimekwisha.

Basi juzi, Dalali alipovua shati nyuma ya pazia, Fundi aliiona mistari imekuwa moshi. Sasa mwambie fundi wa nguo, aliyeishi miaka yote kwa chaki na mkasi, kwamba kesho kuna kitu kitakatwa na mstari hauonekani. Atalala? Alichukua kalamu ya wino anayowekea alama kwenye shuka nyeupe, akamwambia Dalali ashike pumzi, akapitisha mstari baada ya mstari, mkono hautetemeki. Dalali alifumba macho akasema kama hii ndiyo tiba, basi augue miaka kumi. Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka wiki ile.

"Ukawaambia nini?" Fundi aliuliza.

"Nimewaambia ni mimi. Nimejichora mbele ya kioo."

"Wakakuamini?"

"Yule binti akasema, mzee, una mkono mzuri kuliko sisi." Dalali alijaribu kutabasamu. "Wamesema nirudi kesho asubuhi, daktari ataangalia. Usiniangalie hivyo, Fundi wangu. Umepita juu ya mistari yao wenyewe. Kuna kosa gani?"

Fundi alikuwa akitazama vidole vyake.

"Si ulipita juu ya mistari yao?"

"Mitatu, ndiyo."

"Ilikuwa mingapi?"

"Huu wa kushoto..." Alijigusa kifuani, chini ya titi. "Huu ulikuwa umekwenda kombo. Ukiulinganisha na mwenzake wa kulia ulikuwa umeshuka. Nikadhani mtu alitikisika akichora." Akameza mate, yake yasiyouma, na yakauma. "Nikaunyoosha."

Nje pikipiki ilipita, ikatokomea. Dalali alikivuta kiti, akakaa.

"Uliunyoosha."

"Niliunyoosha."

"Kwa kiasi gani?"

Fundi aliinua kidole chake cha shahada, akakilaza hewani. Unene wa kidole kimoja. Kwenye shati, unene huo unatosha kumfanya mteja arudi akitukana. Wote wawili walikitazama kile kidole kama ni cha mtu mwingine.

"Jana wamenipiga," Dalali alisema. "Jana palikuwa na foleni, mashine ilikuwa imeharibika asubuhi, walikuwa wanatuwahisha. Jana wamepiga kwenye mstari wako."

"Kushoto," alisema Fundi.

"Kushoto."

"Moyo uko..."

"Najua moyo uko wapi, mwanamke! Ndio ninaoutumia kukupenda!" Alitaka kupiga kelele, kilichotoka ni mkwaruzo, kisha kikohozi kikavu kilichomkunja mara mbili. Fundi alikimbia na kikombe cha maziwa baridi. Dalali alikunywa kwa funda ndogo ndogo, akifunga jicho moja kila funda linapopita mahali pabaya.

"Kesho nakwenda na wewe," Fundi alisema.

"Huendi."

"Nitawaonyesha mstari ulikuwa wapi. Wewe hujui. Mimi najua, mkono wangu unakumbuka."

"Kesho Metroni ananisindikiza."

"Asindikize."

"Fundi, sikia." Aliweka kikombe chini. "Dada yangu tangu aje anatafuta sababu. Amesema mashati yako yananidhalilisha. Amesema mwanamke aliyezika mume mmoja asipewe wa pili akiwa nusu. Mimi nanyamaza, kwa sababu koo linauma na kwa sababu ananiogesha mgongo ninapochoka. Sasa akisikia kwamba wewe kwa mkono wako ulihamisha mionzi ikaenda moyoni? Huo mlango hutaugusa tena. Na mimi sina sauti ya kubishana naye. Hata nilipokuwa nayo sikuwahi kumshinda."

"Kwa hiyo ufe kwa heshima?"

"Nitawaambia mimi ndiye niliyeusogeza."

"Kutoka wapi? Kwenda wapi? Utawaonyesha pale, au hapa, au hapa?" Kidole chake kiliruka angani. "Utakisia! Wewe mtu wa mnada, utawapa bei ya kukisia, wapige tena pasipo penyewe!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Wewe huna, mimi ninayo, nitatumia ya wote wawili! Unamwogopa dada kuliko kifo? Basi harusi ingefungwa kati yako na yeye na mimi nishone gauni tu nipeleke! Nijibu! Dalali, nijibu nikiongea na..."

Dalali alikuwa amelala. Pale pale kwenye kiti, katikati ya ugomvi wa maisha yao, kichwa kimeegemea kiuno cha sanamu ya kupimia nguo, mdomo wazi kidogo. Uchovu haukuwa umeomba ruhusa.

Fundi alibaki amesimama na sentensi nusu mkononi. Akamtazama mpaka hasira ikamwisha akabaki na hofu tupu. Mashavu yameingia. Shati alilomshonea mwanzoni mwa mwezi lilikuwa likining'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari. Akapiga magoti, akaliinua pindo lake kwa ncha za vidole. Chini ya titi la kushoto, mstari wake ulikuwepo, mweusi, umenyooka, hauna dosari. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuona mstari mbaya kama ule.

Akamwacha alale. Akaketi sakafuni karibu na miguu yake, akihesabu pumzi bila kutaka kujua idadi, na kila moja ilipochelewa, yake pia ilichelewa.

*

Idara ya mionzi ilikuwa chini ya hospitali, ambako jua halifiki na wagonjwa huongea kwa kunong'ona kama wako maktaba. Metroni alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo wima, mkoba umesimama juu ya mapaja. Dalali pembeni yake alimwona Fundi akishuka ngazi, akafumba macho kama mtu anayeona gari linakuja na hana pa kukimbilia.

"Shikamoo, dada."

"Mimi sina mdogo wa kike," alisema Metroni. "Umeleta shati jingine la nje ndani?"

"Nimekuja kuonana na hao wa mashine."

"Kwa cheo gani?"

Kabla cheo hakijapatikana, mlango ulifunguliwa. Mtaalamu wa mionzi alitoka, binti mwenye viatu visivyo na sauti na macho ya mtu asiyelala vizuri. "Mzee, daktari amesema tupige picha upya tulinganishe. Lakini nakuuliza kwa mara ya mwisho, na usinifiche: uliichora mwenyewe?"

Dalali akafungua mdomo.

"Ni mimi," alisema Fundi.

Maneno mawili, na korido ikawa ndefu. Akaendelea haraka, kabla hajapoteza ujasiri. Alisema mistari ilikuwa imefifia, akaikoleza kwa wino wa nguo. Alisema mitatu aliifuata vile vile. Wa kushoto aliunyoosha, ulikuwa chini kwa unene wa kidole hiki, upande wa nje zaidi kuliko wa ndani, kwa sababu ulianza karibu sawa ukashuka ukielekea kwapani. Alichora hewani. Mkono ulikumbuka kila kitu.

Binti hakukaripia, na hilo ndilo lililotisha. Alimsogelea tu. "Onyesha tena. Ulianza hapa? Na ulishuka mpaka hapa? Mama, mwili hauko sawa pande zote. Tuliuchora umeshuka makusudi. Kuukwepa moyo."

Kutoka kwenye benchi palitoka mlio, kama birika linaloanza kuchemka.

"Umem-nyoo-sha," alisema Metroni. Akasimama. Wagonjwa watatu waliokuwa wamesinzia wakaamka, wakakaa vizuri, wengine wakaficha vikombe vyao bila kujua kwa nini. "Mdogo wangu ni suruali? Ni pindo la pazia? Nilisema. Nilisema tangu siku ya kwanza, huyu mwanamke ataniulia mtoto. Nimemlea huyu tangu mama yetu afariki, nimemtafunia chakula, leo wewe unashika kalamu unamchora kama gunia la mchele!"

"Dada..." Dalali alikwaruza.

"Nyamaza, koo litaumia!" Akamgeukia Fundi tena. "Ondoka. Leo ndiyo mwisho wako kumwona. Nikikukuta hata kwenye ndoto yake nakutoa."

Fundi hakuondoka. Machozi yalikuwa yanashuka lakini miguu ilibaki pale pale. "Nitaondoka wakishajua mstari ulikuwa wapi. Nikiondoka sasa hivi atakayebaki anaujua ni nani?"

Binti wa mionzi alikuwa amemfunua Dalali shati, anaipitisha taa ndogo juu ya ngozi. Akainusa. Akasugua kidogo kwa kidole chenye glovu, kidole kikateleza.

"Samahanini," alisema. "Mimi kitu kimoja sielewi. Wino wetu haufutiki kwa jasho tu. Na hii ngozi imeungua kuliko inavyopaswa kwa hatua aliyopo. Mzee, unapakwa nini?"

Dalali akaanza kulishusha shati.

"Tulikuambia usipake kitu chochote tusichokupa sisi. Haya ni mafuta. Mazito. Yanakaa juu ya ngozi, tukipiga mionzi inazidi kuiva, na wino nao unayeyuka. Anakupaka nani?"

Dalali alitazama dari. Alilitazama kwa makini, kama analipima aliuze.

Metroni akakaa. Hakukaa kama mtu anayetaka kukaa. Benchi ndilo lililomwahi.

"Alikuwa anajikuna," alisema. Sauti ya mabweni ilikuwa imekwenda mahali. "Usiku anajikuna mpaka damu. Nikampaka. Kila siku nikampaka. Ndiyo mafuta niliyokuwa nampaka akiwa mdogo, akiwa na upele."

"Ulijua hayatakiwi, mzee?" binti alimuuliza Dalali.

"Nilijua."

"Na hukumwambia?"

"Ungemwambia wewe?"

"Na huyu mama mwingine, alipochukua kalamu?"

"Alikuwa anacheka," alisema Dalali kwa unyonge. "Alikuwa hajacheka muda mrefu."

Binti alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mkubwa kuliko darasa. "Mzee wangu. Kifua ni chako. Hawa wanakupenda mpaka watakumaliza, na wewe umelala tu unasema asante. Twende kwenye picha."

Mlango mzito ukafungwa nyuma yao, mnene kama ukuta. Taa nyekundu iliyo juu yake ikawaka.

Wanawake wawili walibaki benchi moja, mkoba katikati. Hawakutazamana. Kila mmoja alikuwa akitazama ile taa, na taa haikuwa na haraka. Mtu alikohoa ndani ya chumba kingine na wote wawili wakainua vichwa, kisha wakavishusha; kikohozi hakikuwa chake. Fundi aligundua kwamba ameushika upindo wa gauni lake na anaufumua, uzi baada ya uzi. Metroni aligundua pia.

"Acha, utalimaliza," alisema.

Fundi akaacha.

"Anakula nini kwako?" Metroni aliuliza baada ya muda, akiitazama taa. "Kwangu anaacha sahani. Anarudi kutoka dukani kwako anasema ameshiba. Nilidhani ananidanganya ili asinikere."

"Maziwa ya baridi. Viazi nimeviponda na siagi mpaka vikawa laini kama wanga. Supu nikishaipoza. Kitu cha moto hawezi, na chenye limau usimpe kabisa, analia."

"Mimi namwekea limau. Ili apate hamu."

"Hata mimi nilimwekea mwanzoni."

Metroni alifungua mkoba, akatafuta kitu, hakukipata, akaufunga. "Na yale mashati. Mishono nje."

"Inamkwaruza ikiwa ndani."

"Aliniambia ni mtindo."

Fundi alitaka kucheka, lakini taa ikazimika, na kicheko kikafia palepale. Wakasimama pamoja, mkoba ukaanguka, hakuna aliyeuokota.

Ilichukua muda mlango kufunguka. Binti alipotoka hakutabasamu, na Metroni alishika mkono wa kwanza aliouona karibu. Ulikuwa mkono wa Fundi. Aliubana mpaka pete ikauma.

"Daktari ameangalia," binti alisema. "Juzi mionzi ilikwenda pembeni. Imegusa ukingo wa moyo. Ukingo, sio katikati, na ni mara moja. Ataihesabu kwenye dozi zilizobaki, na akimaliza matibabu tutampima moyo kuhakikisha. Leo siwezi kuwaambia hakuna kitu. Nawaambia ni kidogo. Ingepita wiki nzima hivi, tungekuwa tunaongea mengine." Akamtazama Fundi. "Umetusaidia kutuonyesha. Picha na mkono wako vimekubaliana. Na sasa tunamwekea vidoa vya kudumu, vya sindano, havifutiki kwa mafuta wala havinyooshwi na mtu."

Kidogo sio hakuna kitu. Fundi aliligeuza neno lile kichwani kila upande, akitafuta upande wa kulalia, hakuupata.

"Kabla hatujampiga mionzi ya leo," binti aliendelea, "nataka ndugu mmoja aingie nimwonyeshe namna ya kuosha hiyo ngozi, maji ya vuguvugu na mkono mtupu, na dawa gani anywe kabla ya kula ili koo lifunguke. Mmoja tu, chumba ni kidogo. Na awe yule atakayekuwa naye kila siku, nisije nikafundisha huyu akapaka yule."

Fundi akarudi nyuma hatua moja. Ilikuwa haki. Alisema ataondoka wakishajua, na sasa wamejua. Akaokota mkoba sakafuni, akaufuta vumbi, akamnyooshea mwenyewe.

Metroni aliupokea. Akausogelea mlango. Akasimama mbele yake, mgongo wima kama zamani, na kwa muda huo korido nzima ilisubiri. Halafu akageuka, akarudi benchi, akakaa, akaweka mkoba juu ya mapaja.

"Magoti yananiuma," alisema. "Aende huyo."

Binti alimtazama Fundi. "Wewe ni nani wa mgonjwa?"

Fundi, mwenye ulimi wa kuendesha cherehani, alikosa neno. Fundi wake wa nguo? Mchumba aliyeahirishwa? Aliyemhamishia mionzi?

"Ni mke wake," alisema Metroni kutoka kwenye benchi.

Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwaadhibu wasichana kwa uongo mdogo kuliko huo alisema hivyo bila kupepesa macho, na akamtazama binti wa mionzi kwa namna ambayo hakuna mtu angeuliza swali la pili.

Ndani kulikuwa na baridi. Mashine ilikuwa imeinama juu ya kitanda chembamba, na chini yake Dalali amelala kifua wazi, mikono juu ya kichwa. Ngozi ilikuwa imesafishwa; mistari ya Fundi haikuwepo tena, wala ya wenyewe, ni vidoa tu vidogo kama mbegu za ufuta. Bila mistari alionekana mwembamba zaidi, kama kitu kilichoondolewa kwenye karatasi yake. Binti alionyesha, Fundi akatazama kila kitu: kiasi gani cha maji, kitambaa gani asikitumie, chupa gani kabla ya kula. Aliuliza mara mbili kila jambo. Hakunyoosha chochote.

Binti alipokwenda kuandaa mashine, Fundi aliinama karibu na sikio la Dalali.

"Wamekuambia kuhusu moyo?"

"Wameniambia. Kidogo."

"Naogopa."

"Mimi pia," alinong'ona. Kisha, akitazama juu, kama anauliza habari ya mvua inayokuja, "Dada yuko wapi?"

"Nje. Kwenye benchi."

"Amekufukuza?"

"Alinifukuza. Halafu waliponiuliza mimi nani wako, akajibu yeye." Fundi alifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Ameniozesha. Hapo mlangoni, mbele ya wagonjwa, bila hata kusimama."

Kifua cha Dalali kikaanza kutikisika.

"Mzee!" Sauti ya binti ilitoka kwenye spika ukutani. "Usicheke, tafadhali. Ukitikisika naanza upya. Mama, toka nje, nafunga mlango."

Fundi alirudi kinyumenyume mpaka kizingitini, hataki kuacha kumtazama. Dalali alikuwa ameuma midomo, amelizuia cheko lake lote lile la mitaa miwili ndani ya koo lililoungua, na machozi yakawa yanamtoka pembe za macho, yanashuka taratibu mpaka masikioni. Hakuyafuta. Alikuwa ametulia tuli, kama alivyoambiwa.